Siasa za wakimbizi ndizo falsafa yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba msimu wa pili wa Ghost in the Shell: Stand Alone Complex, katuni ya Kijapani ya mfululizo inayosimulia siku zijazo, uliitupa falsafa ya msimu wa kwanza ukatumbukia katika siasa. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Isingiro, Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwa macho yangu siasa hiyo ndiyo falsafa yenyewe.

Katika vipindi 26 vilivyoanza kurushwa Japani mwaka 2004 chini ya uongozi wa Kenji Kamiyama, tunaonyeshwa nchi iliyowaalika wakimbizi wa Asia baada ya vita ili wafanye kazi kwa ujira mdogo, kisha ilipojijenga upya ikaanza kuwaona mzigo. Baadhi yao wamewekwa Dejima, Nagasaki, na jina hilo halikuokotwa tu, kwani Dejima ya kwenye historia ni kisiwa kidogo cha kutengenezwa ambamo Waholanzi wenye biashara walibanwa kwa zaidi ya miaka 200 wasichangamane na wenyeji.

Ndani ya mgogoro huo limewekwa swali zito: wazo lililomo kichwani mwangu nimelipata wapi? Gouda, afisa wa ujasusi, anasambaza virusi katika bongo zilizounganishwa na mtandao, na walioambukizwa wanashika silaha wakiamini wamesoma makala fulani na kuamua wenyewe, ilhali makala hiyo haikuwahi kuandikwa.

Sisi hatuna bongo za namna hiyo, lakini simu tunazo. Mgao wa chakula wa wakimbizi ulipopunguzwa mwaka 2023, niliwasikia wanafunzi wangu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakisema kwamba wageni wanatumalizia ardhi, tena kwa maneno yale yale bila kupungua hata moja. Nilipowauliza nani kawaambia, kila mmoja alijibu kuwa amefikiri mwenyewe. Mchana huo wote watatu walikula maharage yaliyolimwa Nakivale, kwa sababu sera ya Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi alime, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi. Uchungu nilioupata siku hiyo ndio ulionirudisha kwenye msimu huu kuutazama mara ya pili.

Nilitazama pamoja na jirani yangu, fundi cherehani aliyekimbia kutoka Kivu, nikimfasiria maandishi ya chini ya picha. Kipo kipindi ambacho bikizee mwenye duka anasimulia habari za watoto wawili walionusurika katika ajali ya ndege: msichana hana fahamu, na mvulana, ambaye mwili wote umepooza isipokuwa mkono wa kushoto, anamkunjia ndege wa karatasi kwa mkono huo mmoja, siku baada ya siku. Fundi aliomba nirudishe nyuma mara mbili, akawa anaviangalia vidole vile bila kusema neno.

Hata hivyo sikubaliani na kila kitu. Kuze, kiongozi wa wakimbizi, anataka kuzihamishia nafsi zao kwenye mtandao na kuiacha miili, na waandishi wa hadithi wamemwonea huruma kupita kiasi kwa jambo hilo. Fundi aliposikia mpango huo alitikisa kichwa akasema, "Mwalimu, huyu bwana hajawahi kulima." Naona amelijibu vizuri kuliko mhakiki yeyote niliyewahi kumsoma, maana aliyenyang'anywa shamba anataka shamba.

Ombi langu ni kwa wafasiri wa vibanda vya video, ambao kazi yao ya kutia sauti filamu kwa Kiluganda tunaijua na kuipenda: wautie msimu huu sauti kwa Kiswahili, lugha ambayo Wakongo wengi wa Nakivale na majirani zao huitumia sokoni, ili wautazame pamoja katika kibanda kimoja.

Mwalimu,
Isingiro