Usiisugue Ngao ya Vietnam Kabla ya Kusoma Nakshi Zake

Mwezi uliopita mama mmoja alituletea ngao ya duara aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ni ya henzirani, imesukwa kwa kuzungushwa kuanzia kitovuni, kisha ikapakwa laka nyekundu. Katikati kuna uso wa mnyama, macho yamemtoka, meno nje. Nusu ya uso ilikuwa rangi ya dhahabu, nusu nyeupe kama bati.

"Nilipitisha spiriti kidogo tu, mwanangu. Nilidhani ni uchafu."

Pole sana, mama. Ile haikuwa dhahabu. Mafundi wa Vietnam mara nyingi walibandika madini ya fedha yaliyopondwa yakawa membamba kuliko karatasi, wakayapaka vanishi ya manjano, yakang'aa kama dhahabu. Spiriti huitoa vanishi hiyo, na fedha ikibaki wazi huingia weusi.

Ndiyo maana tunawasihi wateja wetu: soma kwanza, kitambaa baadaye. Uso ule wengi huuita zimwi. Wavietnamu huuita hổ phù, na mara nyingi mdomoni huwa ameuma herufi ya Kichina yenye maana ya umri mrefu. Ukisugua hapo umefuta dua nzima. Popo walioko ukingoni nao si wa kutisha: kwa Kichina, ambacho maandishi yake yalitumika katika kasri la wafalme wa Vietnam mjini Huế, popo na heri hutamkwa sawasawa. Ukikuta joka, hesabu kucha. Enzi za wafalme wa ukoo wa Nguyễn, 1802 hadi 1945, kucha tano zilikuwa alama ya mfalme. Lakini usikimbilie kupandisha bei, kwa sababu ufalme ulipokwisha hakuna aliyekatazwa kuchora kucha tano.

Nyumbani, futa vumbi kwa brashi laini, kavu, basi. Usiitundike penye jua wala mbele ya kiyoyozi. Laka ile ni utomvu wa mti na hukauka vizuri penye unyevu. Hewa kavu mno huifanya henzirani ikatike na laka ibanduke. Vipande vikianza kuinuka, usibandike kwa gundi ya dukani. Tuletee ilivyo, na vilivyodondoka uvitie kwenye bahasha.

Ngao ya yule mama tumeianzia upande mweupe. Tulipoondoa vumbi mdomoni, herufi ilikuwa bado ipo, mistari yake yote mizima.