Kabla hamjachomeka mikoko

Mwanangu,

Umeniambia klabu yenu inakwenda kupanda mikoko likizo hii. Nendeni, ila kwanza mjue mnasimama wapi. Mikoko mingi ya kupandwa hufa kwa sababu imepelekwa mahali pasipo pake, wala si kwa uvivu wa wapandaji.

Pwani yetu ina safu. Mbali ni matumbawe, yanayotaka maji maangavu na jua. Ukirudi huku unakuta majani ya bahari, kisha tope tupu, kisha mikoko, na nyuma yake mara nyingi uwanda wa chumvi usioota kitu. Safu hizi zinategemeana: mikoko hunasa udongo wa mito, usije ukayafunika majani na matumbawe. Mikoko nayo hulemewa. Mvua za El Niño za 1997–98 zilishusha udongo mwingi hadi mizizi ya mikoko ya Mwache, Mombasa, ikafukiwa na miti ikafa.

Ndani ya mikoko pia kuna mpangilio wa aina za miti. Mlilana hutangulia baharini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, hufuata, kisha muia na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali kule nyuma. Lamba jani lake utaionja, maana huitoa kupitia majani. Lakini mchu huota hata mbele, kwa hiyo usiutumie peke yake kama alama ya kujua uko safu gani.

Mbegu ya mkoko ni ule mche mrefu unaoning'inia mtini. Chukueni iliyokomaa, yenye pete ya njano karibu na kofia yake na inayochomoka kwa kuguswa tu. Yenye tundu la mdudu, tupa. Wekeni kivulini, palipo na unyevu. Maji yakipwa, toboeni tope kwa kijiti, kwani kulazimisha huvunja ncha inayotoa mizizi. Ncha hiyo ndiyo ya chini. Kuna watu huichomeka juu chini! Zamisheni theluthi moja hivi, mita moja kati ya mche na mche.

Sasa pa kukataa. Tope tupu la mbele linavutia kwa kuwa halina mwenyewe, lakini hukaa chini ya maji saa nyingi mno. Mche hukosa hewa na mawimbi huung'oa. Kwenye majani ya bahari msiguse kabisa: mtaharibu malisho ya samaki ili mpate miti mfu. Na penye mabwawa ya chumvi yaliyoachwa, msianze na miche. Vunjeni kingo kwanza, maji yaingie na kutoka. Ikiwa karibu kuna mikoko mikubwa, mbegu huja zenyewe.

Tafuteni visiki vya mikoko ya zamani. Palipo na visiki, ulizeni wavuvi miti ile ilikuwa ya aina gani na iliondokaje.

Ukifika, nitumie picha mbili za mahali penyewe, maji yakiwa yamepwa na yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, kabla hamjachuma mbegu hata moja.

Mama yako