Shemeji, lile gari la zima moto nimeshalikagua

Shemeji,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, dada yako anakusalimu na anauliza wale samaki uliowaahidi wamekwama wapi.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonipa. Uliniachia gari la kijana wako, lile la zima moto linalogeuka roboti, ukasema, mbele ya ukoo mzima, "Likague, wewe si ndiye mzee wa midoli?" Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Basi nami nakujibu mbele za watu. Najua ulitegemea nitalibeza. Kabatini kwangu kuna roboti ambazo kuzigeuza kuwa magari kunataka meza safi, mwanga mzuri na karatasi ya maelekezo ya Kijapani, na wewe umeniletea kitu cha Kariakoo ambacho boksi lake halina hata jina la kampuni.

Nimelipenda, shemeji.

Ukilishika kwa nyuma na kuinua kichwa chake, pale anapokaa dereva, komeo la ndani linaachia. Springi zinafyatuka, mikono inachomoka ubavuni, ngazi inalala mgongoni, na uso unajitokeza palipokuwa na kioo. Miguu ni lile tangi la nyuma, ambalo limechorwa mstari tu katikati, haitengani. Ukivuta mara moja, roboti imesimama.

Wakusanyaji wenzangu wengi huiona roboti ya namna hii kama ile ngumu iliyopunguzwa. Mimi naona ni kazi nyingine kabisa. Kwenye zile ngumu, kila kipande kina bawaba yake na mpangilio uko mkononi mwako: geuza bega kwanza, kisha kunja mlango, kisha zungusha kiuno. Ukikosea unarudi nyuma. Hapa mpangilio wote umefungiwa ndani. Mkono hauna budi kutoka kabla kifua hakijashuka, la sivyo vitagongana, na hakuna mtu wa kuuelekeza. Aliyeibuni alipewa mvuto mmoja wa mtoto asiye na subira, akaambiwa amalize kila kitu hapo. Nililifungua kwa bisibisi (usishtuke, nimelifunga) nikakuta gia mbili, mhimili mmoja na springi. Basi. Nilikaa nikilitazama kwa muda ambao dada yako aliuona si wa kawaida.

Gharama yake ipo, sikufichi. Magoti hayana kiungo, viwiko vivyo hivyo, na mgongo uko wazi kiasi kwamba unaona skrubu zote. Ukitaka roboti ya kusimama kwa mikogo kabatini, hii si yake.

Lakini hata hizi ninazozithamini zilianza hivyohivyo. Mwaka 1984, kampuni ya Marekani ya Hasbro ilipoanza kuuza Transformers, midoli ya roboti zinazogeuka magari na vitu vingine, haikubuni roboti hizo za mwanzo. Nyingi zilikuwa za Takara ya Japani, kutoka mifululizo yake miwili ya midoli, Diaclone na Micro Change. Zile za Diaclone zilikuwa na vijidereva vidogo vyenye sumaku miguuni, maana roboti ilihesabiwa kuwa mashine ya kuendeshwa. Za Micro Change zilijificha kama vitu vya nyumbani vyenye ukubwa wake halisi: redio ya kaseti, kamera, hata bastola ya Walther P38, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Megatron, mkuu wa roboti wabaya. Humohumo mlikuwa na vigari vidogo vya kuchezea, na kimoja, Volkswagen ya mgongo wa kobe, ndicho kilichokuja kuwa roboti Bumblebee. Kwa hiyo Bumblebee wa kwanza alikuwa roboti iliyojificha ndani ya mdoli! Kumgeuza ilikuwa kuvuta miguu, kutoa mikono, kuinua kichwa. Silaha hakuwa nayo. Na katika wote wa mwaka ule, yeye ndiye anayejulikana na watoto wa leo karibu kuliko mwingine yeyote ukimtoa Optimus Prime, mkuu wa roboti wema.

Mwaka 2014 Takara Tomy, yaani Takara ileile baada ya kuungana na Tomy, walimtoa upya katika Masterpiece, mfululizo wao wa wakusanyaji, Volkswagen ileile, milango na vioo vikiwa mahali pake. Ni kazi ya kupendeza. Ninaye, na simgeuzi, kwa sababu kila nikimshika nawazia kipini kimoja kukatika. Lile gari lako nimeligeuza huku nikila, nikiongea na simu, nikisubiri maji yachemke.

Sasa ukaguzi wenyewe, maana wewe ni baba na hili ndilo ulilotaka.

Kulifungua kuwa roboti ni rahisi. Shida iko kwenye kulirudisha kuwa gari, kwa kuwa hapo mtoto ndiye anayezibana springi, na nguvu yote ya ule mfyatuko inatoka vidoleni mwake. Mtoto wa miaka minne ataweza akiliweka sakafuni na kukandamiza kwa kiganja. Akilishika hewani atashindwa na atakuja kwako analia. Mfundishe sakafuni.

La pili ni king'ora. Kinatumia betri za vidonge, na hizo ndizo zinazonitisha kuliko kitu kingine chochote. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani ya saa mbili. Kifuniko chake kina skrubu, nami nimeikaza, lakini kila ukibadilisha betri hakikisha umeirudisha. Zile za zamani usiziache mezani.

La tatu ni yule mdogo anayetambaa. Marekani vitu vya kuchezea vya watoto chini ya miaka mitatu hupimwa kwa kopo la mviringo lenye upana wa milimita 31.7, kipande kikiingia chote, hakifai. Sisi tuna kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo, kwa hiyo kipimo chake ni kikali zaidi. Ngazi ya gari inachomoka, na inapita humo. Nimeitia gundi, lakini gundi si ya kuaminiwa milele. Wakicheza pamoja, kaa karibu.

Gari limo kwenye mfuko wake, njoo ulichukue kabla ya Idi. Na ukipita tena Mtaa wa Kongo, niulizie kama wanalo la polisi, la buluu, la namna hiihii. Ukiulizwa, sema ni la kijana wako. Bei usimtajie dada yako.

Wasalaam,
Shemeji yako