Shangazi, itoe blenda kabatini

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia kwamba tangu kliniki wakuambie sukari imepanda, umeacha smuthi kabisa. Naomba usiiache. Moshi hii, yenye maparachichi yaliyojaa soko la Mbuyuni na mapapai kila kona, kujinyima si lazima. Kinachotakiwa ni kuipanga upya.

Kwanza, weka chujio pembeni. Juisi ikichujwa, nyuzinyuzi zinatupwa na sukari inateremka yote kwenye glasi, kisha inaingia kwenye damu kwa kasi kwa sababu hakuna cha kuichelewesha. Tena kunywa kunadanganya tumbo: maembe matatu huwezi kuyatafuna kwa mkupuo, lakini yakishasagwa yanapita bila wewe kujua.

Kwa glasi moja, saga nusu kikombe cha mtindi, robo ya parachichi, gramu 100 za papai (vipande vya kujaza kiganja), kijiko cha chakula cha mbegu za maboga na maji kidogo. Hapo unapata kama gramu 20 za wanga. Mafuta ya parachichi na protini ya mtindi ndiyo yanayofanya sukari ipande taratibu. Ukitaka uchachu, pasheni moja ikoroge mwishoni kwa kijiko. Mbegu zake zikisagwa huacha uchungu.

Mtindi ununue ule mtupu. Wenye ladha ya vanila au stroberi umeshatiwa sukari. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka mzinga wa jirani.

Siku ukitamani ndizi, toa papai, weka ndizi kisukari moja ndogo ambayo ncha zake bado zina ukijani. Ikishapata madoa meusi, wanga wake karibu wote umegeuka sukari. Embe, nanasi na ndizi katika jagi moja, hapana. Mtaani ndivyo wanavyochanganya, na juu yake wanamimina shira. Ukinunua, sema mapema wasiitie.

Na smuthi ni chakula, Shangazi. Ikae mahali pa chapati ya asubuhi, isiifuate chapati.

Pima sukari kabla ya kunywa, upime tena saa mbili baada ya funda la kwanza. Watu wazima wengi hulenga chini ya 10 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu), ila fuata kiwango alichokupangia daktari wako. Ikizidi, kesho yake punguza tunda nusu, parachichi liache lilivyo. Lakini kama vipimo vimeonyesha figo zina shida, muulize daktari kwanza, maana parachichi na ndizi zina potasiamu nyingi.

Jambo moja usilichanganye. Ukitetemeka, ukitokwa jasho na mashine ikasoma chini ya 4, smuthi hii haifai, kwa kuwa mafuta yake yatachelewesha msaada. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe hapohapo, kisha pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini ya 4, rudia.