Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu kwa Mgeni Rasmi, Mwanza, Juni 19

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini na Serikali, madaktari, wauguzi, wazazi wenzetu, na nyinyi wanetu mliovaa fulana nyekundu,

Karibu Mwanza katika Siku ya Selimundu Duniani. Sisi tulikutana kwenye mabenchi ya kliniki, tukaanza kuazimana khanga na nauli, hatimaye tukawa kikundi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, umeshamiri Kanda ya Ziwa kwa sababu ya malaria. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hukingwa na malaria kali, hivyo kinasaba hicho kimerithishwa kizazi hata kizazi. Wawili wanaokibeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Tunalitamka hili hadharani kwa kuwa wapo akina mama wanaorudishwa kwao wakiambiwa wameleta mkosi. Mtoto huyu amerithi kwa baba na kwa mama.

Mwenzetu mmoja wa Ukerewe alikesha akisubiri meli ya asubuhi, mwanaye wa miaka mitatu akilia miguu na mgongo. Kituo cha kwanza walichofika, mtoto alichomwa mara saba mshipa ukitafutwa. Muuguzi mwenyewe alikuwa akitokwa machozi. Alizoea mikono ya watu wazima. Kesho yake, katika wodi ya watoto, muuguzi mwingine alimwambia mama ampakate, akaimba kidogo, akaupata mshipa mara moja.

Hapo ndipo tulipoelewa hospitali ya watoto ni nini. Dozi hupigiwa hesabu kwa kilo za mtoto. Kipo kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, daktari akamtambua aliye hatarini kupata kiharusi kabla hajapooza. Chahitaji mtaalamu aliyefundishwa kazi hiyo.

Hospitali ya rufaa ya Bugando, hapa Mwanza, imeibeba kanda hii tangu mwaka 1971, na wanetu wengi wako hai kwa mikono ya watu wake. Lakini kilima kile kinapandwa na wagonjwa wa rufaa kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu na Shinyanga, wakubwa kwa wadogo.

Ombi letu ni hospitali maalumu ya watoto ya Kanda ya Ziwa. Hatudai maghorofa. Hospitali ya Great Ormond Street ya London, inayosifika duniani, ilianza mwaka 1852 na vitanda 10. Tuanze na kidogo, ila pawe na mahali pa mzazi kulala, maana wengi wetu tumelala kwenye varanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wanetu huishi kwa damu ya watu wengine. Hema lile jeupe ni la kuchangia damu, na foleni inaanza risala ikiisha. Tumekuachia nafasi ya kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.