Salamu za Krismasi kutoka Malindi, tukiwa karibu kukhitimu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wapendwa, mlio hapa mjini na mliotawanyika Nairobi, Doha, Jeddah na kokote mnakotafuta riziki.

Kaskazi imeshika. Maembe ya ngowe yamejaa mpaka yanaozea chini ya miti, na nauli ya tuktuk imepanda kama kila Desemba wageni wakishuka. Krismasi hii tunaifikia na habari: Biblia nzima tuliyoianza Januari mosi pamoja, kanisa zima, imebaki kitabu kimoja. Sura 1,189, vitabu 66, kila siku sura tatu, siku nyingine nne. Tarehe 25 yenyewe tunafungua Ufunuo.

Niseme ukweli, jambo hili lilianza kwa wivu. Kila Ramadhani majirani zetu Waislamu wanasoma juzuu 30 za Kurani, mwezi ukiisha wamekhitimu, yaani wameimaliza yote, na hata mtoto wa madrasa ukimuuliza atakwambia wamefika wapi. Sisi tuliozaliwa kanisani tulikuwa na Zaburi ya 23, Yohana 3:16, na ile mistari ya siku za harambee. Wareno walitia nanga hapa mwaka 1498 na misalaba yao. Mmisionari Krapf alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844. Biblia ya Union tuliyokulia ilitoka 1952. Kitabu tunacho siku nyingi, basi. Tulichokosa ni kukaa nacho.

Mwanzo na Kutoka tulienda mbio. Walawi wakatupunguza. Wengine walisema wanasafiri, wengine simu ziliharibika wiki moja, ajabu kweli. Tuliobaki tukafika Hesabu sura ya 7, mistari 89, wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka siku kumi na mbili, na kila mmoja analeta vilevile: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10. Mara kumi na mbili, neno kwa neno. Kijana aliyekuwa akisoma alipomaliza wa tatu akasema, "Na wengine pia wakaleta hivyo hivyo, tuendelee." Mama mmoja muuza mahamri, aliyekuwa kimya tangu Januari, akamkatiza: "Mwanangu, wewe ukitoa mia yako kwenye matanga, halafu daftari lisomwe 'na wengine', utalala usiku huo?" Watu wakacheka. Kijana akarudi mkuu wa nne, akasoma wote, na jina la kila mmoja na la baba yake.

Tangu siku hiyo hatujaruka jina. Masika ilitukuta kwenye Mambo ya Nyakati, bahari imegeuka tope la Sabaki, umeme unakatika, na sisi tuko kwenye zile sura tisa za fulani akamzaa fulani kwa tochi ya simu. Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akisomewa na mjukuu wake, na mtoto akikwama kwenye jina, bibi anamwambia, "Lipige tu, mwenyewe atalitambua."

Kwa hiyo mkesha wa tarehe 24 mtaona badiliko. Miaka yote msomaji wetu anaanzia Mathayo 1:18, "Kuzaliwa kwake Yesu Kristo kulikuwa hivi," kwa sababu mistari iliyo juu yake ni majina matupu. Mwaka huu tunaanzia mstari wa kwanza. Tulipoisoma sura hiyo Oktoba, nilisikia jambo ambalo sijawahi kulisikia kanisani. Kwa Tamari, benchi za nyuma zikatoa "Mmh!" ya watu wanaomjua mtu: tulimwacha Januari amekaa njiani na utaji wake. Rahabu tunamjua, na kamba nyekundu dirishani. Ruthu tulikuwa naye shambani akiokota masazo ya shayiri. Halafu pakasomwa "yule mke wa Uria", na mtu akauliza kwa sauti, "Jina lake wanalifichia nini, si Bathsheba?" Mimi naona Mathayo hakuficha kitu. Amemtaja Uria makusudi, ili Daudi asipite hivi hivi. Huo ndio ukoo mtoto alioingia. Nyumbani kwetu tungemwomba mpiga mbiu apunguze majina kabla ya wageni kufika.

Novemba tulifika Warumi 16, na Paulo naye ana orodha yake: Fibi, Priska na Akila, mama yake Rufo. Nami nafanya kama yeye. Nawasalimu mlio kazini mikahawani siku ya Krismasi mkiwapakulia wengine. Namsalimu dereva wa tuktuk aliyeumaliza Ezekieli kwa vipokea sauti akisubiri abiria. Nawasalimu mlioachia njiani kwenye Walawi. Mahali penu papo. Na nimsalimu jirani yangu wa ukutani, aliyeniuliza juzi, "Nyinyi wenu mwakhitimu lini, tuwaletee halua?"

Tunakhitimu tarehe 31, kwenye kesha la mwaka mpya, tukisoma Ufunuo 21 na 22 kwa sauti, kila aliyesoma mstari mmoja. Njooni mapema, viti ni vichache, na njooni na feni za mkono. Mzee wetu mmoja mvuvi keshasoma mbele, akafika pale panaposema "wala hapana bahari tena". Ameegesha ngalawa, anasubiri mchungaji amweleze atavua wapi.