Mhariri, wekeni namba chini ya picha, vijana wajifunze manyuali

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nizungumzie jambo linaloniuma kila wikiendi ukumbini, nalo ni hii tabia ya kumwambia mtu anayeanza kupiga picha kwamba "we weka oto tu, manyuali ni ya maprofesheno, utaijua mbele ya safari". Oto ni kuiachia kamera ipange mwanga yenyewe, manyuali ni wewe mwenyewe kuzipanga namba zinazoamua mwanga wa picha. Mimi napiga harusi na sendofu hapa Tanga na kuna vijana wananifuata kubeba stendi na begi huku wanajifunza, na msimamo wangu ni kwamba kwa sisi huku, na ngozi zetu hizi, na jua letu hili, na kumbi zetu zenye taa za zambarau, anayeanza ndio wa kwanza kabisa anayetakiwa kutoka kwenye oto, tena mapema kabla hajaizoea.

Sababu ni hii. Kamera haijui imeelekezwa kwa nani. Ndani yake kuna mita inayopima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na mita hiyo imetengenezwa ikiamini kwamba ukichanganya kila kilichopo mbele yake wastani utakuwa kijivu cha kati, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18, basi ikiona vyeupe vingi inapunguza mwanga na ikiona vyeusi vingi inaongeza. Sasa chukua bi harusi wetu, ngozi nyeusi nzuri imepakwa mafuta inang'aa, kavaa shela jeupe limejaa nusu ya fremu na nyuma kuna pazia jeupe la ukumbi. Oto inaona hapa mwanga umezidi inashusha, shela linatoka la kijivu na uso unazama gizani mpaka macho huyaoni. Anageuka kidogo, nyuma yake sasa wapo wajomba na suti zao nyeusi, oto inapandisha na paji la uso linaungua. Na hapo mwanga unaoanguka usoni kwake haujabadilika hata chembe, taa zilezile, amesimama palepale, kilichobadilika ni nguo na pazia tu, sasa kwa nini namba zibadilike? Manyuali kazi yake ndio hiyo, unapima mara moja kwa ajili ya uso wake, unaziacha namba zikae, na akipita mbele ya pazia jeupe au mbele ya wajomba uso unabaki uleule, na albamu nzima inafanana kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mteja akiziona picha zile za giza anajilaumu mwenyewe, utamsikia dada wa watu anasema mimi nimezidi weusi sipendezi kwenye picha, alafu mpiga picha naye badala ya kumwambia ukweli anaenda kumpaka weupe kwenye kompyuta mpaka mama yake mzazi anauliza huyu nani. Hili halikuanza jana. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanazigawia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilijulikana kama kadi za Shirley, na kwa miongo mingi ngozi ya mzungu yule ndio ilikuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa, wengine wote wakatoka vyovyote watakavyotoka. Kwa hiyo dada hana kosa lolote, aliyepima ndio amepima vibaya. Najua kamera mpya za mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, zinatambua uso na oto yake imeboreka sana, ila vijana wetu wengi wanaanza na mtumba uliotumika miaka na miaka, na hata hiyo mpya bado inahitaji mtu wa kujua lini imekosea.

Watu wanatishwa bure na namba. Vitu ni vitatu, shata ambayo inaamua mwanga uingie kwa muda gani, apacha ambayo ni ukubwa wa tundu la lenzi, na ISO ambayo ni kiasi gani kamera inaukuza mwanga ulioingia. Kila hatua moja, yaani stopu moja, ni mwanga mara mbili au nusu yake. Shata ni rahisi, 1/125 ya sekunde kwenda 1/250 umekata nusu. ISO 400 kwenda 800 umeongeza mara mbili. Apacha peke yake ndio inawachanganya kwa sababu f/4 ni tundu kubwa kuliko f/8, na kutoka f/4 kwenda f/5.6 mwanga unabaki nusu, lakini hilo nalo linazoeleka haraka mtu akishika kamera badala ya kukariri kwenye simu.

Mimi vijana wangu nawaanzishia nyumbani kwa bibi mmoja jirani, asubuhi wakati anapepeta mchele barazani. Pale kuna kivuli kizuri, mwanga wa anga unaingia kutoka mbele, na lenzi ile ya kuvuta ya 18-55mm inayokuja na kamera inatosha kabisa. Anaanza na ISO 400, f/5.6, 1/250, uso wa bibi unatoka vizuri, mikunjo yote unaiona, ungo unauona, ila mchele uliorushwa una ukungu kidogo. Namwambia sasa nenda 1/60 na usiguse kingine. Picha inaungua, kijana anashtuka, nikamuuliza umeongeza stopu ngapi, anahesabu kwa vidole, mbili, basi ziondoe kwingine, anafunga apacha mpaka f/11, uso wa bibi unarudi kama mwanzo lakini mchele sasa umekuwa michirizi myeupe hewani na mikono imefifia, na ule ukuta wa nyuma ambao kwanza ulikuwa na ukungu umeanza kuonekana mpaka nyufa zake. Sasa nenda 1/1000. Giza. Anafungua apacha kurudi f/5.6, bado giza, anataka kuifungua zaidi lenzi inagoma kwa sababu amevuta mpaka 55 na pale f/5.6 ndio mwisho wake, hapo ndipo anaelewa mwenyewe bila hotuba kwa nini ISO ipo, anaipeleka 1600 na mchele unasimama hewani punje kwa punje juu ya ungo, unaweza kuzihesabu. Uso wa bibi katika picha zote tatu una mwanga uleule. Kijana akizitazama zile tatu pamoja kwenye skrini ameshaelewa kitu ambacho wengine wanakitafuta YouTube mwaka mzima, kwamba mwanga sahihi una njia nyingi za kuupata na kila njia inaleta picha tofauti, na anayechagua njia inabidi awe yeye sio mashine.

Alafu naenda nao Raskazone saa sita mchana, jua la utosi. Kuna kanuni ya zamani, jua likiwa kali bila wingu weka f/16 na shata ikaribiane na ISO, yaani ISO 100 shata 1/125. Hakuna haja hata ya mita. Ukitaka f/8 basi 1/500, ukitaka f/5.6 basi 1/1000, ni kitu kilekile. Ukielekeza oto kwenye mchanga na maji yanayometa inashusha mwanga na watu wote wanakuwa vivuli, lakini anayeijua kanuni hii jua halimdanganyi kwa sababu jua la saa sita ni lilelile kwa mchanga mweupe na kwa mtu mweusi. Wazee waliopiga studio na mitaani enzi za filamu walikuwa na namba hizi kichwani, na waliokuwa hawana walizikuta zimechapwa kwenye maelekezo ndani ya boksi la filamu, kuna kijichoro cha jua, kijichoro cha wingu, kijichoro cha kivuli na pembeni namba zake. Kijana wa leo anafungua boksi la kamera anakuta waranti na kitabu kinene cha menyu ambacho hakuna anayekisoma.

Jambo jingine ambalo kila anayeanza aliweke mfukoni ni kiganja. Ukipima mwanga moja kwa moja kwenye uso mweusi ukafuata mshale wa mita mpaka sifuri, kamera itaufanya uso huo uwe wa kijivu cha kati, yaani itaupausha, na ukipima kwenye shela itafanya kinyume. Kiganja cha mkono hata kwa mtu mweusi tii ni cheupe kuliko kijivu cha mita kwa karibu stopu moja. Nyoosha mkono wako kwenye mwanga uleule uliompiga mtu unayempiga picha, jaza kiganja kwenye fremu, zungusha shata mpaka mshale usome moja juu ya sifuri, basi piga. Ni bure na mkono huusahau nyumbani.

Ukumbini ndio mtihani wenyewe. Hapo nasema wazi kwamba lenzi ya 50mm ya f/1.8 ndio kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya kubadilisha kamera, kwa sababu gizani inaingiza mwanga zaidi ya mara nane ukilinganisha na f/5.6. Weka 1/125, f/2 au f/2.8, ISO 1600 au 3200 na usiogope. Vijana wanaogopa ISO kupita kiasi, wameambiwa picha itakuwa na chenga, yaani vidoadoa, kwa hiyo wanabaki 400 na shata inashuka mpaka 1/15, matokeo yake maharusi wanaokata keki wametikisika. Chenga zinapunguzika baadaye, mtikisiko hauna dawa. Na taa nazo wazifahamu, umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, ukipandisha shata mpaka 1/500 chini ya tyubu au LED za bei ya chini unakuta michirizi ya giza imekatiza picha upana mzima, ukishuka 1/100 au 1/50 inatulia. Kwenye oto kamera inaweza kukuchagulia shata yoyote kati ya hizo na hutajua kwa nini picha moja ina michirizi na nyingine haina.

Sisemi manyuali ni dini. Mtu anayepiga picha za mpira siku ya mawingu, jua linatoka linaingia, aweke shata 1/1000, apacha yake, na ISO aiachie kamera, hiyo ni akili. Waandishi wanaokimbizana na tukio nao nawaelewa kabisa, picha ipatikane kwanza. Jua letu nalo jioni halichelewi, likianza kuzama linashuka wima na baada ya muda mfupi stopu kadhaa zimepotea, anayepiga manyuali lazima awe anashusha shata njiani la sivyo ataachwa. Ila huyo anayeiachia kamera ISO kwa kuchagua ni tofauti na yule ambaye hajui kwamba kuna uamuzi wowote umefanyika, na huyu wa pili ndio tunayemtengeneza tunapomwambia asubiri mbele ya safari. Ombi langu kwa wanaoendesha mafunzo ya vijana, iwe vyuoni au kwenye semina za wikiendi, ni kwamba manyuali iwe somo la kwanza na mfano uwe uso wa mtu mweusi, sio chungu cha maua wala jengo, kwa sababu watakachoenda kulipwa kukipiga ni nyuso za watu wao.

Na kwenu Mhariri ombi langu ni dogo. Kila siku mnachapa picha nzuri, za uwanjani, za bungeni, za mafuriko, na chini yake mnaandika nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Ongezeni mstari mmoja wa namba, hata kwa picha moja tu kwa wiki, na kama mtaweza fungueni kona ya wasomaji watume zao na namba zake. Haiwi kazi kubwa kwa sababu kamera inaziandika namba hizo yenyewe ndani ya faili, mkiwaambia tu wasomaji watume kwa imeili au kama dokumenti maana picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinafutika. Pamoja na namba mseme na mwanga ulitokea wapi na ilikuwa saa ngapi. Kijana wa Handeni au Lushoto asiyekuwa na mtu wa kumfundisha atachukua gazeti, atatoka nje saa hiyohiyo ajaribu namba hizohizo, atalinganisha. Mstari wenyewe unaweza kuwa mfupi hivi: saa kumi jioni, kivulini, mwanga kutoka kushoto, 1/250, f/5.6, ISO 400.

Mpiga picha za harusi,
Tanga